Mwongozo kamili: namna ya kuzitafuta na kuzisoma karatasi za afisa wa zamani wa jeshi la majini (tunamtumia Kapteni Owen na Mombasa ya 1824)

Februari 1824 Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza anaingia Mombasa na meli yake Leven, anakuta bendera ya Uingereza tayari inapepea juu ya Ngome, Wamazrui wenyewe, ukoo uliokuwa unatawala mji, wameipandisha kwa sababu walikuwa wanatafuta mtu wa kuwakinga na Sayyid Said wa Oman. Ndani ya siku chache wakaandikiana mkataba, Owen akaacha watu wake pale, na Mombasa ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza hadi Julai 1826, London na serikali ya Waingereza ya Bombay, India, walipokataa kuuidhinisha. Hiyo miaka miwili na ushee iliandikwa siku kwa siku na mabaharia, na maandishi yapo mpaka leo. Tatizo ni kwamba wanaoyasoma wengi si sisi, na mtu asiyejua Mtang'ata iko wapi wala upepo wa kaskazi unaanza lini atasoma ukurasa mzima na nusu ya maana yake itampita.

Kwa hiyo huu mwongozo nimeuandika kwa yeyote anayejua Kiswahili, awe Mombasa, Unguja, Maskati au Toronto, anayetaka kuanza kuchimba nyaraka za aina hii. Nimemchagua Owen kwa sababu ndiye ninayemjua zaidi, ila njia ni ile ile kwa afisa yeyote.

Kabla hujagusa kompyuta, mjue mtu wako

Unahitaji vitu vitatu tu: jina kamili, meli alizotumikia, na miaka. Ukiwa na jina peke yake utapotea, maana kwenye familia za mabaharia majina yanajirudia baba na mtoto. Baba yake Owen naye aliitwa William Owen na naye alikuwa afisa wa majini, halafu kaka yake Edward akawa admirali, sasa ukiandika "Owen" tu utavuta watu watatu kwa mpigo na barua za mmoja utazihesabu ni za mwingine.

Pa kuanzia ni kamusi ya William O'Byrne ya 1849, inayotaja maafisa wote waliokuwa hai wakati ule kuanzia luteni kwenda juu, inapatikana bure mtandaoni. Inakupa meli baada ya meli na mwaka baada ya mwaka. Andika zote kwenye karatasi moja, kila meli na miaka yake, maana hiyo orodha ndiyo ufunguo wako kila mahali. Ya Owen kwa kipindi chetu ni fupi: Leven na mwenzake Barracouta, waliotoka Uingereza 1822 kuja kupima pwani za Afrika, kazi iliyoendelea mpaka 1826, na homa ikamaliza sehemu kubwa ya mabaharia njiani.

Usiwasahau na maafisa waliokuwa chini yake. Aliyeachwa Mombasa kwanza ni Luteni John Reitz, akafa kwa homa mwaka huo huo wa 1824, ndiye aliyebakiza jina kwenye ile Port Reitz tunayopita kila siku tukielekea uwanja wa ndege. Baada yake akashika Luteni James Emery mpaka mwisho. Nakwambia ukweli, kwa mtu wa pwani Emery ana faida kuliko Owen, kwa sababu Owen alipita na Emery alikaa.

Tofautisha karatasi za kazini na karatasi za nyumbani

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Afisa wa majini aliandika aina mbili za vitu. Zipo za kazini, yaani barua kwa Admiralty (ofisi kuu ya jeshi la majini London), logibuku ya meli (daftari la safari la kila siku), orodha ya mabaharia, na hizi ni mali ya serikali, ziko The National Archives pale Kew, London, kwenye mafungu yanayoanza na herufi ADM. Halafu zipo zake mwenyewe: barua kwa mke au ndugu, shajara, daftari la nakala za barua alizotuma, michoro, na hizi zilibaki na familia, zikarithiwa, zikauzwa, zikatolewa zawadi, na zinaweza kuwa popote.

Za kazini zina mpangilio. ADM 1 ni barua zilizoingia Admiralty, na za makapteni zimepangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo na mwaka, kwa hiyo za Owen unaziendea kwenye O. ADM 51 ni logibuku za makapteni, ADM 52 za masta wa meli (maafisa wa kuongoza njia), ADM 53 za meli zenyewe. ADM 9 ina maelezo ambayo maafisa walijiandikia wenyewe kuhusu utumishi wao kuanzia 1817. ADM 196 ni rekodi za utumishi za baadaye.

Lakini usiuamini mpangilio kupita kiasi. Jarida la Emery la Mombasa, 1824 mpaka 1826, ni ADM 52/3940. Angalia hiyo: ni jarida la mtu aliyekaa nchi kavu anaendesha mambo ya mji, na wamelipanga pamoja na logibuku za masta wa meli! Mtu anayetafuta "utawala" au "mikataba" hawezi kulifikia hata siku moja. Kwa hiyo ukishamaliza mafungu unayoyategemea, pitia na yale usiyoyategemea, ila kwa jina la mtu na jina la meli badala ya mada.

Za nyumbani unazifuata kwa kufuata maisha ya mtu. Jiulize alizaliwa wapi, alistaafia wapi, nani alimrithi. Owen alimalizia maisha yake Kanada, kisiwa cha Campobello kilikuwa mali ya familia yao, akafa 1857 huko New Brunswick, kwa hiyo anayetafuta karatasi zake London peke yake anatafuta nusu. Pia afisa aliyepima bahari atakuwa ameacha kitu kwenye hifadhi ya ofisi ya ramani za bahari ya Uingereza, ipo Taunton. Waliofanya safari za bara angalia Royal Geographical Society. Karatasi binafsi za mabaharia kwa ujumla, kituo kikubwa ni Caird Library ndani ya makumbusho ya bahari Greenwich, na hapo hapo ziko logibuku za maluteni mpaka 1809.

Karatasi zinasafiri kuliko watu, hili liweke kichwani. Verney Lovett Cameron, naye afisa wa majini, alifika Ujiji 1874 akazikuta karatasi za Livingstone zimebaki pale wakati mwenyewe ameshafariki, akazirudisha pwani. Asingepita, nani ajuaye zingeishia wapi.

Kutafuta kwenye katalogi: sahau tahajia yako

Katalogi ya Kew inaitwa Discovery, iko wazi mtandaoni, huhitaji kulipa wala kuwa na akaunti ili utafute. Ukiandika Mombasa utapata vitu, lakini vya zamani vingi hutavipata, kwa sababu wao waliandika Mombas au Mombaza. Mimi nilikaa karibu wiki nzima nikiamini hakuna kitu, mpaka nilipoweka nyota mwishoni, "Momba*", ndiyo mlango ukafunguka. Ile nyota inasimama badala ya herufi zozote, itumie kila mara.

Haya ni majina ya kuanzia nayo, nimeyaokota kwenye ramani na barua za zamani: Quiloa ni Kilwa. Monfia ni Mafia. Melinda ni Malindi, Patta ni Pate, Lamoo ni Lamu, Brava ni Barawa, Magadoxa ni Mogadishu, Wassin ni Wasini. Formosa Bay ni Ghuba ya Ungwana. Sayyid Said hawamwiti Sayyid, wanamwita Imaum wa Muskat, na ukitafuta "Sultan" tu unaweza kumkosa. Waswahili wanaandikwa Suaheli na mengine mengi. Na kama unafuatilia zile meli za miaka ya 1860 na 1870 zilizokuwa zinakamata majahazi ya watumwa, tafuta neno "seedie", ndivyo walivyowaita mabaharia Waafrika waliowaajiri Unguja na kwingineko, na wapo kwenye orodha za mishahara. Babu wa babu yako anaweza kuwa humo.

Kila unachokipata nakili namba yake ya kumbukumbu yote, mkato na yote, pamoja na tarehe uliyoiona. Ukiandika "ADM 52" bila 3940 umeandika jina la mtaa bila namba ya nyumba.

Ukienda mwenyewe

Kew unahitaji kadi ya msomaji, ni bure, unaanza kujiandikisha mtandaoni halafu unaenda na ushahidi wa jina lako na ushahidi wa unapoishi, viwe asili, si nakala. Sharti la anuani ndilo linalotusumbua sisi wa Afrika Mashariki, kwa sababu wengi hatuna bili ya umeme yenye jina letu, hivyo soma orodha ya vitambulisho wanavyovikubali kabla hujakata tiketi ya ndege, na kama huna uhakika waandikie imeili mapema. Agiza nyaraka zako kabla ya siku yenyewe ili uzikute zimeshatolewa.

Kwenye chumba cha kusomea penseli tu, hakuna kalamu ya wino, hakuna kifutio, begi linabaki kwenye kabati, vitu vyako unabeba kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Mikono safi na mikavu, na usishangae kwamba huvai glavu, kwa karatasi glavu zinafanya vidole vizito na ukurasa unachanika, glavu ni za picha. Daftari linalazwa juu ya mto wa sponji na kurasa zinashikiliwa na vile vikamba vizito vilivyovishwa kitambaa. Usilazimishe jalada lifunguke zaidi ya linavyotaka.

Picha kwa simu au kamera yako Kew ni bure, bila flashi. Sasa sikiliza hapa vizuri maana hapa ndipo kazi inaharibika au inapona. Picha ya kwanza kabisa iwe ya lebo ya boksi. Ya pili iwe ya jalada. Halafu ukurasa kwa ukurasa, pamoja na zile tupu, pamoja na mgongo wa barua hata kama umeandikwa mstari mmoja tu, kwa sababu makarani wa Admiralty walizoea kuandika jibu au maoni kwenye kona iliyokunjwa au mgongoni, na mara nyingi uamuzi wenyewe uko hapo. Kila ukianza daftari jingine piga tena picha ya namba yake. Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, hamishia kwenye laptopu, badilisha majina ya folda yawe namba ya kumbukumbu, na weka nakala ya pili sehemu nyingine. Ukiahirisha siku tatu utabaki na picha mia nne za maandishi ya kahawia usizojua zimetoka wapi.

Usipoweza kusafiri

Wengi wetu ndio hapa, na si mwisho. Unaweza kuagiza nakala kwa kutumia namba ya kumbukumbu, wanakagua kwanza kurasa ni ngapi kwa ada, halafu wanakupa bei. Ni ghali kwa daftari zima, kwa hiyo kusanyeni watu watano sita mnaopenda mada moja mkachangie. Njia nyingine ni mtafiti wa kukodi, au mwanafunzi wa kwetu aliye London tayari, mpe orodha fupi iliyo wazi na umwambie apige picha vipi.

Kabla ya kulipa kokote, pitia Qatar Digital Library, maktaba ya mtandaoni. Wameweka bure nyaraka za India Office (ofisi ya Uingereza iliyosimamia India) zinazohusu Ghuba ya Uajemi, na mambo ya Maskati na Unguja yamo kwa sababu ulikuwa utawala mmoja. Na kwa habari ya Owen upande wa Bombay ni muhimu, maana gavana pale, Mountstuart Elphinstone, na serikali yake hawakutaka kumuudhi Sayyid Said. Owen mwenyewe alipitia Maskati mwishoni mwa 1823 kabla ya kuja Mombasa. Ukisoma upande wa Owen tu utadhani Bombay walikuwa vikwazo tu, ukisoma upande wao utaona walikuwa na hesabu zao.

Nyumbani nako kuna mali. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani zina makaratasi ya ubalozi wa Uingereza na maandishi mengi ya Kiarabu. Nairobi kuna Kenya National Archives. Waandikie au wapigie kwanza uulize kibali na ada.

Kusoma mwandiko

Usianze na ukurasa wa kwanza. Tafuta ukurasa wenye maneno unayoyajua tayari, tarehe, jina la meli, jina la mji, halafu tengeneza alfabeti ya mwandishi huyo kwenye karatasi, "hivi ndivyo anavyoandika k, hivi h". Ukiona kitu kama f katikati ya neno mbele ya s, mara nyingi ni s ndefu ya zamani. Barua nyingine zimeandikwa mara mbili, mistari ya kulala halafu karatasi ikageuzwa ikaandikwa juu yake tena, ili kuokoa gharama ya posta. Soma upande mmoja na rula, jicho litazoea.

Nakili kama ilivyo, na makosa yake yote. Kaandika Mombas, wewe andika Mombas. Usipolielewa neno weka mabano ya mraba na nukta tatu, usikisie kimya kimya, maana mwezi ujao utadhani kisio lako ni maneno yake.

Logibuku ina safu: saa, mwendo, uelekeo, upepo, na maelezo. Kina cha maji kimehesabiwa kwa pima, na ni pima ile ile ya kwetu ya mikono miwili iliyonyooshwa, yao ni futi 6, karibu mita 1.83. Safu ya upepo ndiyo hazina. Upepo ukiandikwa wa kaskazini mashariki mfululizo na tarehe ni Julai, kuna kosa, kwa sababu Julai ni kusi. Nimewahi kukuta barua isiyo na mwezi, lakini ilisema majahazi ya Bara Hindi yanasubiri upepo wa kurudia nyumbani, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, huo ni mwisho wa kaskazi kusi haijatulia, tayari umebakiwa na wiki chache tu za kuchunguza.

Tarehe zina mtego mwingine. Kwa mabaharia wa Uingereza kabla ya 1805 siku ya logibuku ilianza adhuhuri, tena ikitangulia, kwa hiyo "Jumanne saa nane mchana" kwenye logibuku ni Jumatatu saa nane kwetu. Enzi ya Owen hilo lilishaachwa. Lakini sisi na Waarabu siku inaanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama, kwa hiyo ukilinganisha barua ya Mazrui ya mwaka 1240 Hijria na jarida la Emery na zikapishana siku moja, usikimbilie kusema mmoja anadanganya.

Muulize aliandika kwa nani

Barua kwa Admiralty inaandikwa na mtu anayetaka cheo au anayejitetea. Owen alikuwa anachukia biashara ya watumwa kwa dhati, na kwenye mkataba wa Mombasa walikubaliana ikomeshwe, Waingereza wapate nusu ya ushuru wa forodha, na wao wawasaidie Wamazrui kurudishiwa walizopoteza, Pemba ikiwemo. Kwa hiyo anapowaandikia wakubwa zake, Wamazrui wanatokea wazuri kidogo na Sayyid Said mbaya kidogo, kwa sababu anatetea alichokwishafanya. Weka pembeni historia ya Wamazrui iliyoandikwa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, uone mambo yale yale yanavyosimuliwa na wa ndani. Na mshairi Muyaka bin Haji alikuwa hai Mombasa miaka hiyo hiyo akitunga, mashairi yake yakaja kukusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, na maandiko hayo yako chuo cha SOAS London.

Kuhusu kuchapisha: nyaraka za serikali kama jarida la Emery unaweza kunukuu ukitaja namba. Za binafsi ambazo hazijawahi kuchapishwa ni tofauti, kwa sheria ya Uingereza nyingi bado zina hakimiliki mpaka mwisho wa 2039, hata kama ziliandikwa 1824, kwa hiyo omba ruhusa kwa hifadhi inayozitunza.

Mwisho, zirudishe pwani uzisome kwa sauti

Hatua hii hutaikuta kwenye mwongozo wa Kew. Majina ya watu na vijiji yaliandikwa na sikio la Mwingereza, kwa hiyo yanafunguka kwa sikio pia. Chapisha orodha ya majina uliyoshindwa, nenda kakae barazani Mji wa Kale, au Vanga, au Pangani, na uyasome polepole kama yalivyoandikwa. Mimi nilikuwa na jina linaloanza na "Tangat", nimelihangaikia kwenye ramani zote, nikamsomea mzee mmoja mvuvi, akanirudishia palepale, "Mwanangu, hiyo ni Mtang'ata, pale Tongoni, chini ya Tanga," na bila kuulizwa akaniambia maji yake yana kina gani jahazi likitaka kutia nanga. Nikafungua simu nikamwonyesha tarakimu za pima zilizoandikwa kando ya jina. Akahesabu kwa mikono yake, akaniomba nimsomee na ukurasa unaofuata.